Kwanza Niambie Linachemsha Wapi

Wadogo zangu, wenye kesi za mapenzi mnisubiri toleo lijalo. Safari hii walioumizwa na Subaru wamewazidi kwa wingi, na swali lao ni lile lile: "Dada, nina Forester ya tabo, nimeiongezea nguvu kidogo, sasa inachemsha. Nataka kufunga rejeta kubwa ya alumini. Ninunue ipi?"

Usinunue kwanza. Nijibu mimi: linachemsha wapi?

Maana kuna kuchemsha kwa foleni na kuna kuchemsha kwa mlima, na tiba zake haziko duka moja. Gari likisimama kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana, upepo wote unaopita kwenye rejeta unaletwa na feni. Geji ikipanda hapo, halafu ukipata barabara ikashuka yenyewe, rejeta yako haina kosa. Nenda kaangalie feni. Subaru nyingi za tabo zina mbili, na nimeona magari mengi tu ambayo moja ilishakufa zamani, mwenye gari hana habari. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama, fungua boneti, tazama kama zote zinazunguka. Angalia pia ile kava ya plastiki inayozishika, kwa sababu kazi yake ni kuhakikisha upepo unavutwa kwenye uso mzima wa rejeta. Fundi akiitoa na kukufungia feni nyembamba za kubana na vibano vya plastiki, feni itapoza mduara wake tu, pembe zote zibaki zinatazama.

Sasa chukua gari lile lile, toka Chalinze kwenda Morogoro, mwendo wa kawaida wa safari, tambarare. Ukiwa na upepo wa kutosha mbele namna hiyo, feni haina mchango wa maana. Joto likipanda hapo, ama maji hayazunguki vizuri, ama rejeta imeziba, ama upepo unaingia mbele lakini unapata njia ya kukwepa. Mlima wa Kitonga ndio mtihani wa mwisho: mwendo mdogo, injini imekazwa, tabo inasukuma, upepo haba. Gari linalochemsha Kitonga peke yake, na kwingine kote limetulia, ndilo pekee ninaloweza kukubali kwamba huenda rejeta yake ni ndogo kwa nguvu uliyoongeza.

Hesabu yake si ngumu. Kwa makadirio ya kawaida, karibu theluthi moja ya nishati ya petroli unayochoma inaishia kwenye maji ya injini kama joto. Forester ya tabo ya toleo la SG5 ilitoka Japani na farasi 220. Umeipeleka kwa mtaalamu wa kompyuta akakufikisha 300, maana yake unachoma mafuta zaidi na joto linaongezeka takriban kwa kiwango kile kile, zaidi ya theluthi moja juu ya lile la mwanzo. Lakini hiyo ni pale unapokanyaga mpaka mwisho. Kwenye foleni farasi wako 300 wamelala, kwa hiyo msinitumie picha za gari linalochemsha Kariakoo mkaniambia ni sababu ya nguvu.

Na mnajuaje kama linachemsha? Wengi mnautegemea mshale wa dashibodi, na ule mshale umepangwa ukae katikati kwa muda mrefu ili usimtie dereva wasiwasi. Ukiuona umeanza kupanda, joto lilishapanda kitambo. Baadhi ya matoleo hayana hata mshale. Yana taa ya buluu ikiwa injini ya baridi na nyekundu ikiwa maji yameshafika shingoni. Nunueni kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusomeka kwenye simu. Kitakuonyesha nyuzi halisi. Injini yenye afya utaiona ikicheza kati ya themanini na kitu na tisini na kitu, feni zikiwaka karibu na nyuzi 95. Ikigusa 105 na kuendelea kupanda, punguza mguu.

Tuje kwenye kifuniko cha maji, ambacho mnakidharau kwa sababu ni cha bei ndogo. Maji ya wazi yanachemka nyuzi 100 ukiwa Dar, usawa wa bahari. Ukifika Mbeya, mita 1,700 hivi juu, yanachemka kwenye 94. Kinachoifanya injini ivumilie zaidi ya hapo ni mgandamizo, na mgandamizo unashikwa na kifuniko. Chenye namba 1.1 kikiwa kizima, maji matupu hayachemki mpaka yapite nyuzi 120. Mpira wake ukikauka, unasafiri na sufuria isiyo na mfuniko. Kwa injini ya Subaru ya EJ20 yenye tabo kuna mtego zaidi: vifuniko ni viwili, kimoja kwenye rejeta, kingine kwenye kile kitanki kidogo cha chuma kilicho juu karibu na tabo. Vinafanana kwa macho, lakini si sawa. Kinachotawala mgandamizo na kuruhusu maji yaende na kurudi kwenye chupa ya akiba ni kile cha kitanki. Cha rejeta kina nguvu kubwa zaidi na kazi yake ni kuziba tu. Muosha injini akivifungua vyote na kuvibadilisha, maji hayatarudi kutoka kwenye chupa injini ikipoa, na utazunguka gereji wiki nzima ukitafuta mchawi. Someni namba zilizoandikwa juu yake.

Thamostati nayo. Hapa nitakuwa mkali kama shangazi. Kuna fundi ambaye gari likichemsha, jambo la kwanza ni kuing'oa, anakwambia "nchi yetu ni ya joto, hii ni ya Wazungu". Nilimwambia mmoja mbele ya wateja wake airudishe, akaniuliza mume wangu yuko wapi azungumze naye. Thamostati ya injini za EJ huanza kufunguka kati ya nyuzi 76 na 80. Ukiiondoa, injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili inachafuka, ulaji wa mafuta unapanda. Na ule ugonjwa uliokupeleka gereji bado upo, umefichwa tu. Iliyokufa ibadilishwe kwa mpya yenye kiwango cha kiwandani. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni uone inavyofunguka. Zipo bandia madukani ambazo zina kipenyo kidogo cha kupitisha maji kuliko halisi, na kwa macho utaona tofauti ukiziweka pamoja.

Maji ya bomba sitaki kusikia. Ya kisima ndiyo mabaya kabisa: yanaacha magadi ndani ya mirija, chumvi inakula alumini, kutu inakwenda kukaa kwenye pampu. Weka kulanti, iliyochanganywa tayari kama huna uhakika na vipimo vyako. Ni kweli maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa nusu kwa nusu, na kwetu hakuna barafu ya kuogopa, kwa hiyo mwenye kwenda mashindanoni anaweza kupunguza kulanti na kuongeza maji. Lakini awe anatumia maji safi yaliyotoneshwa, na abakize kiasi cha dawa ya kuzuia kutu ambacho mtengenezaji anataka. Yale maji ya kuongezea betri yanafaa. Soma lebo, usije ukamimina asidi. Na rangi ya kulanti haikuambii kitu cha uhakika, maana kila kiwanda kinapaka kinavyotaka. Usichanganye kijani na buluu eti zote ni kulanti.

Haya, umepita yote hayo, gari bado linapanda joto Kitonga. Sasa tuongee rejeta.

Ya kiwandani ina moyo wa alumini na matanki ya plastiki yaliyobanwa pembeni. Plastiki ile ikizeeka inageuka rangi ya kahawia, inapata ufa kwa juu, mara nyingi pale mpira wa maji unapochomekwa. Moyo wake ni mwembamba, milimita kumi na kitu. Zile za alumini tupu, matanki yamechomelewa, za kampuni kama Koyo au Mishimoto, utazikuta za milimita 36, 40, hadi zaidi ya 50. Mkaka wa dukani Gerezani atakusukumia nene kuliko zote. Mwambie hapana. Kadiri moyo unavyokuwa mnene ndivyo upepo unavyopata shida kupenya, na upepo unaofika nyuma umeshapashwa moto na safu za mbele. Kwa mwendo wa kasi kwenye uwanja wa mashindano unene unalipa. Kwa gari la kwenda kazini na kusafiri mwisho wa mwezi, milimita 36 hadi 40 zinakutosha, na zina faida nyingine ninayoithamini zaidi: feni zako za kiwandani na kava yake vina nafasi ya kurudi mahali pake bila kukatwa.

Wazee watakwambia ya shaba ndiyo yenyewe. Shaba yenyewe inapitisha joto kuliko alumini, hilo hawajakosea. Ila mirija yake hutengenezwa myembamba na kuunganishwa kwa risasi, ambayo inalipunguzia joto njia. Alumini inaruhusu mirija mipana inayogusana na mapezi eneo kubwa, na ni nyepesi. Sifa ya shaba ni kwamba fundi rejeta yeyote wa Ilala anaweza kuifungua, kuichokonoa na kuilehemu. Ukiwa unaishi mbali na miji, hiyo si sifa ndogo.

Mwenye gari la oto, simama hapa. Ndani ya tanki la rejeta yako kuna kipozeo cha mafuta ya giaboksi, na kuna viunganishi viwili vya mpira vinavyoingia humo. Rejeta nyingi za mashindano zimetengenezwa kwa gari la gia za mkono, hazina viunganishi hivyo. Nimeona Forester imefungwa rejeta inayong'aa na mipira ya giaboksi imeunganishwa kwa kipande cha bomba, mafuta yanazunguka bila kupozwa. Giaboksi haitakulalamikia leo. Tafuta yenye kipozeo, au funga kipozeo cha pembeni kinachojitegemea.

Wapenda intakula za mbele, vile vipozeo vya hewa ya tabo, nanyi nawajua. Subaru iliweka intakula juu ya injini, ndiyo maana boneti ina lile tundu. Ukiihamishia mbele ya bampa kwa ajili ya urembo, umeweka ukuta mbele ya kondensa ya kiyoyozi, ambayo nayo iko mbele ya rejeta. Kwa nguvu za wastani, acha ya juu ikae.

Kabla ya kulipa hata senti, fanya kazi ya bure. Chungulia kati ya kondensa na rejeta: vumbi, majani, wadudu wa safari ya Dodoma. Oshea maji ya msukumo mdogo kutoka nyuma kuja mbele; ile mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi. Rudisha bodi ya chini ambayo fundi aliitoa siku ya kubadilisha oili akasema haina kazi. Ina kazi, inasaidia kuvuta upepo upite kwenye rejeta badala ya kukwepa chini yake. Matundu ya pembeni na ya juu ya rejeta yazibe kwa sponji ngumu.

Ukishafunga mpya, hewa ndiyo adui. Injini ya Subaru imelala, na hewa inapenda kujificha humo. Inua mbele ya gari, fungua hita mpaka mwisho wa moto, jaza polepole kupitia kitanki cha juu, bonyeza mipira kwa mkono, kisha washa usubiri feni ziwake na kuzima mara mbili. Ukisikia maji yanamwagika nyuma ya dashibodi, bado kuna hewa. Ukitoa hewa leo, kesho imerudi, na chupa ya akiba inatoa mapovu mfululizo, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Hapo rejeta ya bei yoyote haitakusaidia. Kapime gesi kwenye maji kwanza.

Likikuchemkia njiani: zima kiyoyozi, fungua hita yote hata kama ni mateso, weka pembeni. Usiguse kifuniko mpaka mpira wa juu uwe laini na unashikika. Maji ya baridi usimwagie injini yenye moto, hedi za alumini zinapinda.

Namalizia na mdogo wangu wa Mbeya aliyeuliza kama rejeta nyeusi inapoza kuliko ya fedha. Tofauti ipo lakini ni ndogo mno, kwa sababu kinachoondoa joto pale ni upepo, rangi haina sauti kubwa. Ukipenda nyeusi nunua iliyotoka kiwandani hivyo. Usiipulizie rangi ya kopo uani kwenu, utaziba mapezi.