Mizani ya Kweli: Somo kwa Vijana Wanaotafuta Kazi

Masomo: Mithali 11:1, Luka 16:10

Vijana wengi wa makazi yetu wanauliza: "Nisomee kazi gani itakayonifaa hapa Uganda, na hata nikirudi nyumbani?" Mwezi huu tuangalie kazi ambayo wengi hawaijui: kusaidia kampuni na vyama vifanye biashara bila kumdhulumu mtu wala kuharibu udongo, maji na misitu. Tutajifunza kutoka Jinja na Mbale, mashariki mwa nchi hii.

1. Jinja: udanganyifu wa wachache huumiza wote

Mwaka 1999 ilijulikana kwamba watu fulani walikuwa wanavua samaki wa Ziwa Victoria kwa sumu. Umoja wa Ulaya ukafunga soko lake. Viwanda vya sangara vya Uganda, vya Jinja vikiwemo, vikapata hasara. Mvuvi mwenye nyavu halali aliumia pamoja na aliyemwaga sumu, maana mnunuzi wa mbali hakuwa na njia ya kuwatofautisha.

Soko lilifunguliwa tena baada ya ukaguzi kuimarishwa. Samaki walipimwa maabara, na usafi wa mialo ukasimamiwa. Basi tazama: shida ile ilizaa kazi. Walihitajika wakaguzi, wapimaji na watunza kumbukumbu.

2. Mbale: ukweli unaoonekana una faida

Kwenye miteremko ya Mlima Elgon watu hulima kahawa aina ya arabika. J.J. Keki, mkulima Myahudi wa jamii ya Abayudaya, alikuwa New York siku ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001. Aliporudi aliwaita majirani zake Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaanzisha chama cha Mirembe Kawomera, maana yake "amani tamu". Kampuni ya Thanksgiving Coffee ya California ikanunua kahawa yao kwa utaratibu wa biashara ya haki.

Katika utaratibu huo kuna bei ya chini inayomlinda mkulima, na kuna nyongeza ambayo wanachama huamua wenyewe itumike kwa jambo gani. Lakini haitolewi kwa maneno matupu. Mkaguzi huja kuangalia orodha ya wanachama, kilo alizoleta kila mmoja na fedha alizolipwa. Muungano wa Gumutindo, wa huko huko Mbale, umeuza pia kahawa ya kilimo hai. Hapo lazima shamba likaguliwe, ionekane kwamba halikutiwa mbolea wala dawa za viwandani zilizokatazwa.

Anayetembelea mashamba hayo si lazima awe na digrii. Anatakiwa awe amefundishwa, aandike vizuri, na asipokee rushwa.

3. Tuanzie wapi?

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa nafasi ya kufanya kazi na biashara. Kwa hiyo tusikae tu tukingoja.

- Jitolee kuwa katibu wa kikundi cha akiba au cha wakulima. Andika kila shilingi na kila kilo siku hiyo hiyo.
- Shika hesabu za asilimia, Kiingereza cha kuandika, na kompyuta ukipata nafasi.
- Uliyemaliza S.6, ulizia Chuo Kikuu cha Busitema. Kampasi yake ya Namasagali, kaskazini mwa Jinja, inafundisha mambo ya maliasili na mazingira.
- Mwenye hati ya shule ya Kongo au Burundi aipeleke UNEB ilinganishwe na ya Uganda. Ya Kifaransa itafsiriwe kwanza. Anza mapema, kabla ya muda wa kuomba chuo.

Wazazi, msiwafungie mabinti njia hii. Kalamu haichagui mkono.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Daftari la kikundi chetu likikaguliwa kesho, litasema nini?
2. Tunapopima mahindi sokoni, je, mnunuzi na muuzaji wote wanaona mzani?
3. Tunakata kuni wapi, na nani anapanda miti mahali pake?
4. Ni kijana gani kwetu tunaweza kumkabidhi daftari mwezi huu?

Bwana awajalie uaminifu katika madogo. Amina.