KUNYONYESHA NI KAZI YA NYUMBA NZIMA

Someni kwanza: 1 Samweli 1:21-24



Habari za Hana aliyeomba mtoto akapewa tumezizoea. Mara nyingi tukiisha kulihubiri ombi lake, twaruka moja kwa moja mpaka siku alipompeleka Samweli Shilo. Katikati pana mistari michache tusiyoisoma kwa makini. Ulipofika wakati wa kwenda kutoa dhabihu ya mwaka, Hana hakwenda. Alimwambia mumewe kwamba atabaki nyumbani mpaka mtoto atakapoachishwa ziwa. Naye Elkana hakumlazimisha, wala hakuuliza watu watasemaje. Alimwacha akae. Basi, kunyonyesha kulihesabiwa kuwa sababu ya kutosha ya kukosa hata safari ya ibada.

Nataka tumwangalie Elkana huyo, maana siku hizi mama nyingi wanajua faida za maziwa yao. Wasiojua, au wasiotaka kujua, ni sisi tunaowazunguka.

Maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano yaitwayo dang'a, yana kinga nyingi dhidi ya maradhi, na yafaa mtoto aanze kunyonya katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Kunyonya huko humsaidia mama pia, kwa kuwa tumbo la uzazi hukaza na damu hupungua. Zamani wazee wengi walisema ni maziwa machafu, yakamuliwe yamwagwe. Mzaliwa wangu wa kwanza aliyanyimwa, akapewa maji ya sukari siku mbili. Nami, mwalimu mwenye cheti, nilinyamaza kwa kuwaogopa wakubwa.

Baada ya hapo, kwa miezi 6 mtoto hahitaji kitu kingine, isipokuwa dawa akiandikiwa na mganga wa hospitali. Hahitaji hata maji. Katika kila sehemu 100 za maziwa ya mama, zaidi ya 80 ni maji, hata wakati wa jua kali. Lakini mtoto akilia usiku mara mbili, bibi yake husema, "Maziwa hayamtoshi," na uji unakorogwa. Hapo ndipo tunapoharibu. Ziwa hutengeneza maziwa kadiri linavyonyonywa. Mtoto aliyeshiba uji hunyonya kidogo, na ziwa nalo hupunguza, kisha bibi husema, "Si niliwaambia?" Tena maji na vyombo visivyo safi huleta kuhara. Baada ya miezi 6 ndipo aanze chakula laini, huku akiendelea kunyonya hata miaka 2 au zaidi.

Mama mwenye virusi vya UKIMWI asikate tamaa. Akimeza dawa zake kila siku na kufuata maagizo ya kliniki, anaweza kunyonyesha. Kwake yeye hasa, kuchanganya maziwa na uji kabla ya wakati ni hatari.

Sasa, habari ya kazi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini aruhusiwe hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Ni vema. Lakini mwenye genge la nyanya, au jembe mkononi, nani atampa saa hizo? Ni mume, mawifi, na sisi mama wakwe. Kuni zaweza kuchanjwa na mwingine. Maji yaweza kutekwa na mwingine. Kunyonyesha hakuna awezaye kumpokea, ingawa akikamua maziwa katika kikombe safi chenye kifuniko, mtu wa nyumbani aweza kumnywesha mtoto kwa kikombe hicho. Chupa tuiache, kuisafisha ni taabu.

Maswali ya kuzungumza katika Umoja wa Akina Mama, na wanaume nao waalikwe: Elkana angeweza kumjibu Hana nini kingine? Katika mtaa wenu, ni nani huamua mtoto aanze uji? Mama anayenyonyesha akikosa kufika ibadani Jumapili tatu, sisi humsemaje?