Kwa Nini Mahali Petu Hukataliwa

Katika likizo iliyopita nalikuwa nyumbani Mpanda pamoja na kaka yangu mkubwa, apendaye mchezo mmoja wa simu uitwao Pokémon GO. Mchezo huu hauchezwi kwa kukaa kitako. Hapana budi mchezaji atembee kwa miguu, na simu yake, kwa msaada wa setilaiti, humwonyesha ramani ya pale alipo. Katika ramani hiyo mna vituo, na kila kituo ni kitu cha kweli kilichopo mahali pale: sanamu, mnara, kanisa, msikiti, soko au stesheni. Afikaye karibu nacho hupata vifaa vya kuendelea na mchezo.

Kaka alisikitika kwa kuwa mtaa wetu ulikuwa mtupu katika ramani ile. Basi tulipeleka mapendekezo matatu, tukangoja. Yote matatu yalikataliwa. Mwanzo tulikasirika, tukadhani ya kuwa watu wa mbali wanaudharau mji wetu. Baadaye nalikaa nikazisoma kanuni moja moja, nikaona kosa lilikuwa letu. Nayaandika haya ili mwenzangu asirudie.

Kwanza yafaa kujua ramani hiyo ilivyopatikana. Kampuni ya Niantic ya Marekani ilitoa mchezo uliotangulia, uitwao Ingress, mwaka 2012. Wachezaji wake ndio waliopiga picha nyingi za mahali maarufu na kuzipeleka. Pokémon GO ulipotoka mwaka 2016 ulitumia mahali pale pale. Kwa hiyo mji uliokuwa na wachezaji wengi wa mwanzo ulijaa vituo, na mji usiokuwa nao ulibaki mtupu. Hiyo si dharau, ila hapakuwa na mtu wa kuandika. Tangu mwaka 2019 mapendekezo hupimwa kwa njia iitwayo Wayfarer, na wachezaji wenyewe ni miongoni mwa wapimaji.

Mwenye kupendekeza hupeleka picha mbili, moja ya kitu chenyewe na moja ya mazingira yake. Tena huandika jina, maelezo, na hoja za kuwaridhisha wapimaji, na huweka nukta mahali hasa kitu kilipo. Mpimaji huuliza: Je, mahali hapa pamfaa mtu kujifunza jambo, au kufanya mazoezi ya mwili, au kukutana na wenziwe? Moja katika hayo latosha. Kisha huuliza: Je, mtu aweza kufika kwa miguu bila hatari?

Sasa nieleze mapendekezo yetu.

La kwanza lilikuwa mwembe mkubwa ambao wazee hucheza bao chini yake kila jioni. Ulikataliwa kwa sababu mti ni kitu cha maumbile tu, na ramani hutaka kitu cha kudumu kilichotengenezwa na mtu. Kama pangalikuwa na kibao imara chenye kueleza habari za mti ule, tungalikuwa na hoja. Kwa sababu hiyo hiyo, hata ule mkwaju wa karibu na Ziwa Katavi, ambao watu huacha sadaka kwa mzimu wa Katabi, ungekuwa na shida. Zaidi ya hayo umo ndani ya Hifadhi, kwenye viboko na simba, na si mahali pa kutembea huku macho yako yamo katika simu.

La pili lilikuwa lango la shule hii yetu. Hapa naliumia sana. Lakini kanuni yasema shule za chekechea, za msingi na za sekondari hazikubaliwi kamwe, hata zikiwa na sanamu nzuri namna gani. Sababu ni kwamba kituo huwaita wageni. Je, mzazi, ungependa watu wazima usiowajua wasimame usiku kwenye lango la shule alalapo binti yako? Nalipolifikiri hilo, hasira yangu ilikwisha. Nyumba za watu binafsi nazo hukataliwa, na kadhalika mahali ambapo mkusanyiko waweza kuzuia kazi ya zimamoto, polisi, hospitali au jeshi. Vitu vya muda kama bango la mkutano havifai, wala duka la kawaida lisilo na sifa ya pekee.

La tatu lilikuwa Stesheni ya Mpanda. Mahali penyewe palifaa kabisa, nasi ndio tuliopaharibu. Picha tuliipiga tukiwa juu ya bodaboda, ikatoka na ukungu, tena ilionyesha uso wa mama mmoja na namba ya pikipiki. Nukta tuliiweka katikati ya reli, kana kwamba twamwalika mtu asimame mbele ya treni. Na maelezo yetu yalikuwa maneno matatu: "Stesheni nzuri sana." Wahenga walisema, mgeni ni kipofu ingawa ana macho. Mpimaji aliye mbali hajui lolote la Mpanda isipokuwa tulilomwonyesha, nasi hatukumwonyesha kitu.

Siku moja jioni nalimweleza mzee mmoja wa bao ya kwamba mwembe wao umekataliwa. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, huyo aliyekataa amepata kufika hapa?"

Nikasema, "Hapana, babu."

Akasema, "Basi hakuukataa mti. Ameikataa barua yenu." Akaendelea na kete zake.

Kabla ya kurudi shuleni tuliandika upya habari za stesheni. Kaka alipiga picha asubuhi, mwanga ukiwa mzuri na watu hawajafika, akaweka nukta kwenye jengo, mbali na reli. Mimi niliandika hivi: "Huu ndio mwisho wa reli itokayo Kaliua. Ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya kuchukua madini ya risasi yaliyochimbwa karibu na mji. Mgodi ule ulifungwa, lakini reli ilibaki, na mji ukakua." Kuandika maneno hayo kulinilazimu kuwauliza wazee na mwalimu wa historia mambo ambayo, ingawa nimezaliwa hapa, sikuyajua.

Shuleni haturuhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo jibu sitalipata mpaka tutakapofunga. Wakikataa tena, tutasoma sababu na kusahihisha. Nanyi wenzangu, mkienda likizo, kila mmoja atazame kitu kimoja cha mtaani kwake, aulize kilianza lini na kwa nini, akaandike vema, hata kama hachezi mchezo wowote.