Uvimbe wa punda kwenye kope na mapajani: usiuchezee, usiusubirishe

Mvua zikishakolea, samadi huloa, mabanda hujaa nzi, na nzi hao hukimbilia pale ngozi ilipo laini na nywele ni haba: pembezoni mwa macho, pembe za mdomo, masikioni, makwapani, katikati ya mapaja na kwenye mfuko wa uume. Sehemu hizohizo ndiko inakopenda kuota sarkoidi, uvimbe wa ngozi unaowapata farasi, punda na baghala mara nyingi kuliko mwingine wowote. Kwa hiyo, mfugaji, kazi ya kwanza ya msimu huu ni kumkagua punda wako mahali usipopaangalia kila siku.

Sarkoidi inahusishwa na virusi vya papiloma vya ng'ombe, ndivyo hivyohivyo vinavyowaotesha ng'ombe chunjua. Nzi, kidonda kibichi na matandiko yanayopokezanwa ndizo njia zinazodhaniwa kuvifikisha kwa punda. Mwenye ng'ombe na punda katika boma moja ana sababu ya ziada ya kuzoa samadi mapema, kuitupa mbali na banda na kumpa kila mnyama hatamu na brashi yake.

Uvimbe huu una sura nyingi. Unaweza kuanza kama doa la mviringo lililonyonyoka nywele, likadhaniwa kuwa choa. Unaweza kuwa mkavu na wa kukwaruza kama chunjua, au kifundo kigumu chini ya ngozi. Mbaya zaidi ni ule wa nyama nyekundu inayotoa damu, ambao mara nyingi huota juu ya kidonda kilichokataa kupona. Ukiona jeraha la shogi au la kamba ya mkiani linajaa nyama badala ya kufunga, usilipuuze. Huenda ni nyama iliyozidi tu, huenda ni vidonda vya minyoo inayoletwa na nzi, huenda ni sarkoidi. Kwa macho matupu vinafanana, na dawa zake ni tofauti.

Sarkoidi haina tabia ya kusambaa hadi mapafu au ini. Ubaya wake ni kuchimba pale ilipo na kurudi. Ukiukata uvimbe juujuu ukaacha mzizi, mara nyingi hurudi mkubwa na mkali kuliko mwanzo. Ni kama kufyeka ndago ukaacha kiazi chake ardhini. Ndiyo maana wembe, uzi wa kufunga nyumbani, chuma cha moto, asidi ya betri na oili chafu vinaharibu zaidi ya kuponya. Karibu na jicho, asidi au chuma cha moto kinaweza kumpofusha mnyama siku hiyohiyo.

Wengine hukosea upande wa pili: wanauona uvimbe wa ukubwa wa punje ya hindi kwenye kope, wanasema hauumi, wanangoja. Ukifika ukubwa wa yai, ngozi ya kuushonea haipo tena. Piga picha kwa simu, weka sarafu kando ya uvimbe ili ukubwa uonekane, kisha mpelekee daktari wa mifugo. Usikubali mtu achukue kipande cha kupima kisha aondoke. Kuuchokoa uvimbe kunaweza kuuamsha, kwa hiyo kipimo kiende pamoja na mpango wa tiba.

Tiba hutegemea mahali. Kwenye kope, upasuaji mpana ni mgumu, kwani kope ikipungua jicho halifumbi, hukauka na kupata vidonda. Hapo baadhi ya madaktari huchoma ndani ya uvimbe chanjo ya BCG, ileile wanayopewa watoto wachanga kuwakinga na kifua kikuu, ili kinga ya mwili ishtuke na kuushambulia. Sindano hurudiwa kwa wiki kadhaa. Mnyama anaweza kupata mzio wa ghafla na kuanguka, hivyo daktari humpa dawa za kuzuia hilo kwanza na hubaki kumwangalia.

Mapajani na kwenye mfuko wa uume, ngozi imelegea, na hilo ni faida. Uvimbe wenye shingo nyembamba daktari anaweza kuufunga kwa mpira akishahakikisha kwamba mzizi wote uko juu ya mpira. Usio na shingo hukatwa pamoja na ukanda wa ngozi nzima kuuzunguka, mnyama akiwa amelazwa kwa dawa. Mara nyingine kitako chake hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, ileile ya kuhifadhia mbegu za uhamilishaji. Lakini usimwombe mhamilishaji akusaidie kwa mtungi wake, kwani baridi hiyo hairuki mishipa wala njia ya mkojo.

Zipo pia dawa za saratani, za kuchoma au za kupaka. Zinafaa, lakini ni sumu kwa anayezishika pia. Avae glavu, na wajawazito na watoto wakae mbali na mnyama na matandazo yake kwa muda atakaosema daktari.

Si kila uvimbe wa sehemu hizi ni sarkoidi. Mnyama mzee mwenye ngozi nyeupe au ya waridi akiwa na kidonda kisichopona kwenye kope la tatu au kwenye uume, fikiria saratani ya ngozi, ambayo inaweza kufika kwenye tezi. Ikiwahiwa ikiwa ndogo, kukata sehemu hiyo mara nyingi humaliza tatizo. Kwa farasi wa kijivu, vifundo vyeusi chini ya mkia ni jambo la kawaida uzeeni, lakini navyo huendelea kukua, basi vionyeshwe mapema.

Baada ya tiba, mpumzishe mnyama asibebe shogi wala kuvuta mkokoteni hadi ngozi ifunge. Mweke kwenye kivuli chenye upepo, osha kidonda kama ulivyoagizwa, na umpake dawa ya kufukuza nzi pembezoni, si juu ya kidonda wala karibu na jicho. Hakikisha amechanjwa pepopunda, maana jamii ya farasi huugua ugonjwa huo kwa urahisi na wengi hufa. Kisha endelea kukagua kovu kila mwezi. Uvimbe unaweza kurudi baada ya miezi mingi, na ukiwahiwa ukiwa mdogo gharama huwa ndogo pia.

Na kama unakwenda mnadani msimu huu, usiishie kutazama meno na kwato. Funua kope, pitisha vidole nyuma ya masikio, inua mkia, chungulia katikati ya mapaja. Ukikuta kifundo, uliza kimekuwapo tangu lini na kama kimewahi kukatwa. Kilichokatwa kikarudi ni kigumu kutibu kuliko kisichoguswa, na bei lazima ishuke kwa ajili hiyo.