Umepigwa Tochi San Francisco? Isome Notisi Kabla ya Kulipa

Bahasha ikikufikia nyumbani ikiwa na picha ya nyuma ya gari lako na faini ya dola 50, usiilipe kwa hofu wala usiitupe. Huko California, jiji halina ruhusa ya kuweka kamera ya mwendokasi popote linapotaka. Kwa miaka mingi sheria ya jimbo ilizikataa kabisa. Sheria ya AB 645, iliyotiwa saini Oktoba 2023, iliruhusu majiji sita tu yafanye majaribio: Los Angeles, San Jose, Oakland, Glendale, Long Beach na San Francisco. Malibu iliongezwa mwaka uliofuata, kwa ajili ya barabara yake kuu ya pwani.

San Francisco haiwezi kuweka kamera zaidi ya mahali 33. Kamera zinaruhusiwa maeneo ya shule, barabara zenye ajali nyingi mbaya, na zile zinazotumiwa kwa mashindano ya magari. Lazima pawe na vibao vya kumtahadharisha dereva.

Sasa angalia tarakimu zako. Faini huanza ukizidi kikomo cha mwendo kwa maili 11 kwa saa. Kwenye barabara ya maili 25, yaani kama kilomita 40, hudaiwi kitu mpaka ufikishe 36. Ukizidisha maili 11 hadi 15 ni dola 50, 16 hadi 25 ni dola 100, na kuanzia 26 ni dola 200. Aliyefikia maili 100 kwa saa hulipa 500. Si kosa la jinai, na leseni haiwekewi pointi. Anayedaiwa ni mwenye gari, kwa kuwa kamera hupiga picha ya namba za gari. Kutambua sura ya mtu kumepigwa marufuku.

Kifungu ninachokithamini kuliko vyote ni kile kinachokataza kampuni ya kamera kulipwa kwa idadi ya faini. Fedha zikishagharamia mradi, zinazobaki hutengeneza barabara ili magari yapunguze mwendo. Bila hivyo, usalama wa watoto wanaovuka kwenda shule ungegeuka biashara.

Una siku 30 tangu notisi itumwe kuomba ipitiwe upya. Usiporidhika, unaomba kusikilizwa. Na mwenye kipato kidogo aombe punguzo: asilimia 80 kwa asiyejiweza, 50 kwa aliye juu yake kidogo. Ambatanisha uthibitisho wa kipato chako.