Dawa za Kutuliza Uvimbe: Namna Zinavyofanya Kazi na Makundi Yake

Mwiba unapovunjikia katika unyayo, mahali hapo huvimba, hupata joto, huuma na kuwa pekundu, au kukoza rangi kwa mtu mwenye ngozi nyeusi. Mabadiliko hayo huletwa na mwili wenyewe: mishipa midogo ya damu hupanuka, majimaji huvuja na kuingia katika nyama za jirani, na chembe nyeupe za damu humiminika hapo ili kupambana na vijidudu. Hali hiyo, ambayo kitaalamu huitwa inflamesheni, ni ulinzi, na bila hiyo jeraha lisingepona vizuri. Hugeuka kuwa ugonjwa inapozidi kiasi, inapodumu bila sababu, au kinga ya mwili inapoyashambulia maungio ya mwili wenyewe, kama inavyotokea katika baridi yabisi.

Miongoni mwa kemikali zinazoendesha kazi hiyo zimo prostaglandini, ambazo hupanua mishipa, huzidisha maumivu na kupandisha homa. Mwili huzitengeneza kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho saiklooksijenesi, na kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Aspirini, iliyotengenezwa katika kampuni ya Bayer nchini Ujerumani mwaka 1897, ilimezwa kwa zaidi ya miaka 70 kabla ya mwanasayansi wa Uingereza, John Vane, kuonyesha mwaka 1971 kwamba inazuia utengenezaji wa prostaglandini, kazi iliyomfanya awe mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Ibuprofeni, diklofenaki, naproksini, meloksikamu na piroksikamu hufuata njia hiyo hiyo, na pamoja na aspirini huunda kundi la kwanza, yaani dawa za kutuliza uvimbe zisizo za steroidi.

Madhara ya kundi hili hutoka katika chemchemi ile ile yanamotoka manufaa yake, kwa kuwa prostaglandini hazipo kwenye jeraha peke yake. Tumboni huchochea utokaji wa ute unaokinga ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na katika figo husaidia kuweka wazi mishipa inayopitisha damu. Kidonge kinachotuliza goti huupunguza pia ute huo, na ndiyo maana mtu anayemeza diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo anaweza kupata vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, ambavyo dalili yake mojawapo ni choo cheusi kama lami. Kula kabla ya kumeza hupunguza kichefuchefu, lakini hakuondoi hatari hiyo, kwani dawa huufikia ukuta wa tumbo kupitia damu pia, na hata sindano haiuepushi. Mwenye ugonjwa wa figo, shinikizo la juu la damu au moyo ulioshindwa kufanya kazi ipasavyo huweza kudhurika haraka zaidi, na mjamzito aliyefikisha wiki 20 hapaswi kuzitumia bila maelekezo ya daktari. Mtoto mwenye homa hapewi aspirini, na pale inaposhukiwa homa ya dengue, iliyowahi kuzuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, aspirini na ibuprofeni huepukwa kwa sababu huongeza uwezekano wa kuvuja damu. Hapo hutumika parasetamoli, ambayo hushusha homa na maumivu ingawa uvimbe haiutulizi kwa kiasi cha maana.

Kundi la pili ni steroidi, ambazo si zile za kujaza misuli. Hizi huiga homoni ya kotisoli inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo, na huzima inflamesheni kwa upana zaidi kwa kuzuia kemikali nyingi kwa pamoja. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Marekani na wenzake walimpa kotisoni, dawa ya kundi hili, mgonjwa wa baridi yabisi, naye akapata nafuu kubwa katika siku chache. Leo predinisoloni na deksamethasoni huokoa maisha ya wagonjwa wa pumu kali, lakini matumizi ya muda mrefu hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kuficha maambukizi. Tezi nazo huzoea kupumzika, hivyo aliyetumia kwa wiki kadhaa akiacha ghafla anaweza kuishiwa nguvu na hata kuzimia. Krimu za klobetasoli zinazochanganywa katika mkorogo wa kujichubua ni dawa za kundi hili, na ngozi inayopakwa krimu hizo kila siku huwa nyembamba na kupasuka michirizi.

Zipo pia dawa za magonjwa maalumu, kama kolchisini ya jongo na methotrekseti ya baridi yabisi, ambayo humezwa mara moja tu kwa wiki na huweza kuua ikimezwa kila siku.

Kosa linalotokea sana majumbani ni kumeza dawa mbili za kundi la kwanza kwa pamoja, kwa sababu majina ya biashara yaliyo kwenye makasha hutofautiana ilhali kilichomo ni kile kile au ndugu yake. Maumivu hayapungui maradufu, bali madhara ndiyo huongezeka. Kila kaya inaombwa isome jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, na anayekwenda duka la dawa achukue makasha ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za presha na sukari, amwonyeshe muuzaji kabla ya kununua nyingine.