Kusuka bangili ya shaba na kuiwekea chapa ya nyumba yako

Anayetaka kufungua karakana ya vito Bukama, Kongo, asisubiri dhahabu. Shaba inatosha, tena ndiyo urembo wa kale wa bonde hili. Ukiteremka na mto Lualaba kutoka Bukama unafika ziwa Kisale, na kandokando yake kuna Sanga. Hapo Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walifukua makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958, na miaka ya 1970 Pierre de Maret akarudi kuendeleza kazi. Walikuta watu wa karne ya 10 hadi ya 13 wamezikwa na bangili, mikufu, mikanda na minyororo ya shaba, mingine ya waya mwembamba uliosokotwa kwa mkono wenye subira. Shaba yenyewe haikuchimbwa Kisale. Ililetwa kutoka kusini, kwenye ukanda wa migodi. Naamini ndiyo maana mafundi wale waliipenda kazi ya waya: kipande kidogo cha madini kinakwenda mbali.

Basi nitaeleza bangili moja tu, ile ya waya uliozungushwa juu ya waya mwingine. Ukiimudu hiyo, mkufu na hereni vitakufuata.

Anza na mali ya halali. Nyaya za shirika la umeme, SNEL, na za njia ya reli usiziguse, wala usinunue shaba kwa mtu asiyeweza kusema ameitoa wapi. Nenda kwa fundi umeme aliyemaliza kufunga nyumba, mwombe akuuzie vipande vilivyobaki, akuandikie karatasi. Unataka waya mgumu wa uzi mmoja, si ule wa nyuzi nyingi. Waya wa 4, kama mafundi wanavyouita, una unene wa milimita 2,26; huo utakuwa moyo wa bangili. Wa 1,5 una unene wa milimita 1,38, huo utauzungusha. Plastiki ivue kwa kisu, polepole, ukikisukuma kisu mbali na vidole. Usiichome. Moshi wake ni sumu kwako na kwa watoto wanaokuzunguka.

Pima kifundo cha mkono kwa uzi. Kwa mkono wa sentimita 17, kata moyo wa sentimita 16, maana bangili itaachwa wazi kidogo ili ivalike. Sentimita 1,5 kila mwisho zibaki tupu, kwa hiyo sehemu ya kuzungushiwa ni sentimita 13. Hapo waya mwembamba utapita mara 94 hivi, na kila mzunguko unakula milimita 11,4. Jumla ni mita 1 na sentimita 7. Kata mita 1,20, usijibane. Hesabu hii ijue kwa moyo: jumlisha unene wa nyaya zote mbili, zidisha kwa 3,14, utapata urefu wa mzunguko mmoja wowote, hata ukibadili waya.

Sasa moto. Kunja waya mwembamba uwe duara, uweke juu ya makaa ya mkaa, mahali penye kivuli ili uone rangi vizuri. Ukianza kuwa mwekundu hafifu, kama kaa linalozimika, utoe kwa koleo na uutumbukize kwenye maji. Mhunzi aliyezoea chuma atashtuka, kwa kuwa chuma cha kisu hukazika kikizimwa majini. Shaba sivyo: itatoka laini kama kamba. Ukiuacha uwe mweupe kwa joto umechelewa, kwani shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085. Weusi ulioganda juu yake hutoka kwa maji ya ndimu na chumvi. Loweka nusu saa, sugua kwa kitambaa, suuza.

Bana mwisho mmoja wa moyo na mwanzo wa waya pamoja, kwa koleo la kubana au kati ya mbao mbili zilizofungwa kwa boliti. Kisha zungusha. Mkono wa kulia uvute waya ukiwa umekazwa muda wote, kidole gumba cha kushoto kisukume kila pete ikae ubavuni mwa mwenzake. Pasionekane mwanya. Ukisikia waya unaanza kukataa, umekazika kwa kukunjwa. Simama, uipashe moto tena sehemu iliyobaki. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanavuta kwa nguvu, waya unakatika kwenye mzunguko wa 60, na kazi yote inarudi mwanzo.

Ukimaliza, weka kila mwisho mtupu wa moyo juu ya chuma kizito chenye uso laini, uupige nyundo hadi ubapike kama jani dogo. Ubapa huo ndio unaozuia pete zisiteleze kutoka. Lainisha kingo kwa tupa, kisha kwa msasa, hadi ukizipitisha juu ya soksi ya nailoni zisinase. Hapa piga kwanza chapa nitakayoieleza mbele, ndipo ukunje bangili juu ya chupa, ukisukuma kwa viganja. Usitumie nyundo, itaacha makovu. Mwisho ipashe joto kidogo tu, isugue kwa nta ya nyuki, ifute. Nta inachelewesha ukijani unaobaki mkononi. Mweleze mnunuzi kwamba ukijani huo ni tabia ya shaba halisi na sabuni inauondoa. Ukimficha, atadhani umemuuzia takataka.

Kazi ya waya ndiyo hiyo, lakini bangili bado haina jina, na hapa tuwatazame Wafaransa. Louis-François Cartier alikuwa fundi wa vito tu jijini Paris pale alipochukua karakana ya bwana wake, Adolphe Picard, mwaka 1847. Wajukuu wake watatu ndio walioieneza nyumba: Louis akabaki Paris, Jacques akashika London, Pierre akashika New York. Si mawe peke yake yaliyowabeba. Ni mkono mmoja unaotambulika, kama yule chui waliyeanza kumtumia mwaka 1914, na michoro iliyohifadhiwa ili fundi wa kesho ajue wa jana alifanya nini. Tena Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 1797, kila fundi wa dhahabu na fedha hupiga chapa yake ndani ya umbo la msambamba wenye pande sawa: herufi za jina lake na alama aliyoichagua. Dhahabu yenye usafi wa 750 kwa elfu hupigwa pia kichwa cha tai.

Chapa yako itengeneze kwa msumari wa zege. Upashe moto uwe mwekundu, uache upoe wenyewe polepole kwenye majivu, sasa tupa itaula. Chonga alama kwenye ncha, ukikumbuka kuichonga kinyume, kama inavyoonekana kwenye kioo. Jaribu kwenye sabuni kwanza. Ikikupendeza, upashe msumari moto tena uwe mwekundu, uutumbukize majini. Ipige mara moja, kwa pigo moja, kwenye ule mwisho bapa kabla hujakunja bangili.

Alama ipi? Msalaba wa shaba, ule uliokuwa fedha ya wazee na ulioonekana kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960, kila mtu anautumia. Tafuta kitu cha ukoo wako: samaki wa Kisale, mafunjo, nyavu. Ukipata safari ya Lubumbashi, ingia makumbusho ya taifa ukatazame kazi za wazee kwa macho yako. Makaburi ya Kisale yaache yalale. Anayeyafukua kwa kutafuta mifano anaiba.

Pamoja na chapa, nunua daftari. Kila bangili ichorwe kwa ukubwa wake, na pembeni uandike unene wa waya, idadi ya mizunguko, tarehe, bei na jina la aliyeifanya. Mkiwa ndugu, andikeni pia nani ana haki ya kupiga chapa na itakuwaje mmoja akihama. Kizazi cha wale ndugu watatu wa Cartier kilipopita, matawi ya Paris, London na New York yaliuzwa kwa watu tofauti, na ilibidi miaka ipite kabla jina lile halijakusanywa tena chini ya mwenye mali mmoja.

Bangili ya kwanza yenye chapa usiiuze, hata abiria wa treni akikupa bei nzuri. Iandike namba 1 daftarini, ifunge kwa kitambaa kikavu, uiweke nyumbani.